Udongo wa kuchanganya na PET (plastiki ya chupa za maji) unaungua kwenye ekstruda (mashine ya kuyeyusha na kusukuma plastiki): nitumie chumvi gani?

Finyanzi_T: Wakuu, nina montimorilonaiti ya sodiamu (udongo wa mabamba membamba), uwezo wa kubadilishana kationi (ioni zenye chaji chanya) ni 92 meq, yaani milimoli 92 za chaji, kwa gramu 100. Nimebadilisha sodiamu yake kwa chumvi ya amonia yenye mkia wa kaboni 18. Nikiichanganya na PET kwa 275 °C, uzi unatoka wa kahawia, una vipovu na unanuka kama samaki. Nirekebishe nini?

Mkemia_wa_Polima: Mkuu, chumvi hiyo haihimili joto hilo. Huanza kuvunjika kwenye 180–200 °C: mkia unang'oka kama alkeni, amini inabaki, na ndiyo inayonuka. Kwenye bamba la udongo inabaki protoni, yaani asidi, nayo inakata minyororo ya PET. Kwa hiyo usishangae mnato ukishuka pia.

Tumia chumvi ya 1-heksadekili-2,3-dimethili imidazoliamu. Methili ya nafasi ya 2 usiikose. Hidrojeni ikibaki pale ni rahisi kung'olewa.

Kwa udongo gramu 10 unahitaji milimoli 9.2. Ongeza asilimia 5 tu: milimoli 9.66, sawa na gramu 3.45 za kloridi au 3.88 za bromidi. Loweka udongo kwenye lita moja ya maji yaliyotoneshwa, koroga usiku kucha, acha mchanga utuame, kisha mimina sehemu ya juu yenye udongo kwenye chombo kingine uitumie. (Ukiona mchanga ni mwingi, pima upya kiasi cha udongo uliobaki kabla ya kukokotoa chumvi.) Yeyusha chumvi kwenye mililita 100 za ethanoli na maji nusu kwa nusu, imimine polepole, koroga saa 6 kwa 70 °C.

Bi_Maabara: Hapo kwenye kuosha ndipo wengi wanapoharibu. Kloridi au bromidi iliyobaki huishambulia kationi ikipata moto, na chumvi iliyozidi hukaa nje ya mabamba bila kinga yoyote. Osha kwa ethanoli na maji ya moto, kisha tia matone ya nitrati ya fedha 0.1 M kwenye maji ya mwisho. Yakifanya ukungu, osha tena. Kausha kwa 80 °C kwenye oveni ya vakumu, saga, chekecha kwa mikroni 75.

Mkemia_wa_Polima: Naunga mkono. Pia pima TGA (upungufu wa uzito joto likipanda) kwa hewa, siyo naitrojeni peke yake, maana hopa (mdomo wa kulishia) ya ekstruda haina naitrojeni. Kwenye kipimo cha eksirei ya shaba, kilele kihame kutoka pembe (2θ) ya karibu digrii 7.5 hadi karibu 5, yaani mabamba yameachana zaidi.

Finyanzi_T: Nilikuwa naongeza chumvi mara mbili ya kiasi hicho. Naanza na kuosha upya.