Mbegu za nyanya nilizokamua mwenyewe zimetoa matunda ya kila aina, tatizo nini?

Bustani_Uani: Wakuu habari zenu. Msimu uliopita nilipanda nyanya za pakiti zikazaa balaa, kubwa na zote saizi moja, nikakamua mbegu za zile nzuri nzuri nikaanika nikapanda tena. Kuota zimeota ila zinaiva sasa kila mche na mambo yake, huu vinyanya vidogo, ule virefu kama pilipili, mwingine vinapasuka. Udongo ule ule, mbolea ile ile. Shida nini?

Mzee_wa_Miche: Cheki ile pakiti kama iliandikwa F1. Kama ndo hivyo basi hiyo ni chotara mkuu, wamezalisha kwa kuchanganya aina mbili tofauti, kizazi cha kwanza kinatoka kimoja safi ila ukipanda mbegu zake sifa za wazazi zinatawanyika kila mche unachukua zake. Mbegu zako sio mbovu. Tafuta isiyo chotara, wengine wanaiita OPV, hiyo utairudia miaka nenda rudi.

mama bamia: Na nyanya afadhali, ua lake linajichavusha lenyewe, sawa na maharage na saladi. Kimbembe maboga! Nyuki hajui mpaka, anatoka shamba la jirani na chavua anakuletea, boga la mwaka huu utalila kawaida tu, mchanganyiko utauona ukipanda mbegu zake. Ukitaka mbegu safi funga ua jike na dume jioni kabla hayajachanua, asubuhi unapaka chavua mwenyewe unalifunga tena jike. Halafu boga la mbegu zilizochanganyika likiwa chungu we tupa, uchungu ule ni sumu kabisa sio ladha.

Bustani_Uani: Nimeokota pakiti, F1 kweli 😂 Haya na ule ute wa nyanya mnautoaje?

Mzee_wa_Miche: Kamulia kwenye glasi na majimaji yake, acha siku 2 au 3 ichachuke, itanuka na kuweka utando juu, wala usiogope, ule ute ndo unazuia mbegu kuota na hapo unaachia. Usipitilize tu zitachipua humo humo. Mbegu nzima zinazama, mwaga vya juu, osha kwenye chujio, anika kivulini kwenye sahani, karatasi zinagandia.

mama bamia: Andika jina na mwaka kwenye kichupa jamani. Na kabla ya msimu kunja mbegu 10 kwenye tishu mbichi, zikiota 3 tu ujue utapanda nyingi zaidi au utafute nyingine. Za kitunguu ndo haziwekeki, panda msimu unaofuata.