Mliofanya BTP (mazoezi ya kufundisha) Mtwara na Lindi, tupeane uzoefu: siku gani uliandika ukweli kwenye tathmini?

Wakuu, habari za mchana.

Mdogo wangu yuko chuo cha ualimu, mwaka wa mwisho. Wiki mbili zijazo anakwenda BTP kijiji kimoja cha Tandahimba. Jana alinipigia kuniuliza abebe nini. Nikamtajia ndoo yenye mfuniko, neti, tochi, kandambili na viatu vinavyostahimili mchanga. Nilipokata simu nikagundua lile kubwa sijamwambia, na hata ningempigia tena sidhani kama ningejua nianzie wapi.

Mnalikumbuka andalio la somo. Kule chini kabisa, ukishamaliza tafakuri na hitimisho, kuna mistari ya tathmini ya wanafunzi, tathmini ya mwalimu na maoni. Tuambizane ukweli: wangapi tuliijaza kabla ya kuingia darasani? Mimi nilikuwa naijaza usiku kwa mwanga wa simu, nimelala kifudifudi juu ya godoro. "Asilimia 85 ya wanafunzi wameelewa somo." "Mwalimu ametumia zana ipasavyo." Chuoni tulipokezana hivyo mwaka hadi mwaka, na hata hiyo 85 ilikuwa ya kurithi.

Nilipangiwa shule ya msingi hukohuko Tandahimba, 2017, darasa la tatu, hisabati. Mwalimu wangu mlezi alikuwa mama mtu mzima, amebakiza miaka michache astaafu. Asubuhi moja ya mwezi wa tisa, kengele haijagongwa, akaniomba daftari la maandalio. Nilikuwa nimeandaa vipindi vya siku mbili kwa mpigo na nilijiona mchapakazi kweli. Akasoma taratibu, huku akivua miwani na kuivaa. Akafika chini ya ukurasa wa pili.

"Hongera mwanangu," akasema. "Naona umeshafundisha kesho."

Hakugomba wala hakucheka. Akanirudishia daftari, akasema kipindi cha leo atakaa nyuma.

Somo lilikuwa kugawanya. Nilikuwa na manila na visoda vya kuhesabia, na ubaoni nilichora maembe 24 na vikapu vinne kwa chaki za rangi. Watoto walikuwa 78. Kila nikiuliza "Mmeelewa?" wanaitikia "Tumeelewaaa!" mpaka bati linatikisika. Kipindi kilipoisha mama akasimama, akawapa swali moja tu kila mtu aandike peke yake: 18 gawanya kwa 3. Tukasahihisha wote wawili chini ya mwembe. Waliopata walikuwa 11.

"Haya, jaza sasa," akaniambia.

Nikakata ile 85, juu yake nikaandika 14. Wakuu, nimewahi kuandika barua ya kuomba msamaha kwa mkuu wa chuo, lakini mkono haukuwa mzito kama siku ile.

Sasa, kulikuwa na kijana mmoja tuliyemhesabu kuwa mzito. Korosho zilikuwa zimeanza kudondoka, na mara mbili kwa wiki haji shuleni, anaokota na mama yake. Jioni moja nikapita kwao. Nikamkuta amechuchumaa chini ya mkorosho, anachomoa korosho kwenye mabibo na kuzipanga mafungu, mikono inanata utomvu. Nikamuuliza kwa nini mafungu. Akanieleza habari za wanunuzi wa kangomba, wanaopita na bakuli badala ya mizani: "Mwalimu, yule bakuli moja anaita kilo. Ukiipeleka mizani ya chama cha ushirika inazidi. Bakuli kumi ukimpa, zile za juu kala bure." Kisha akanipigia hesabu ya zile za juu, kwa kichwa, bila karatasi. Huyo ndiye aliyeshindwa 18 gawanya kwa 3 baada ya maembe yangu!

Kesho yake niliingia darasani na korosho kwenye mfuko wa rambo. Maembe sikuyachora tena. Hawakufika asilimia 85 mpaka naondoka, nisiwadanganye. Lakini tangu siku ile kila namba niliyoandika kwenye lile daftari ilikuwa imehesabiwa.

Haya, nanyi leteni. Siyo lazima iwe hisabati.

Ubao Mweusi
"Naona umeshafundisha kesho." Daah, mama huyo apewe maua yake. Mimi Ruangwa niliandika "somo limefanyika na limeeleweka vizuri" tarehe ambayo shule ilifungwa kwa sababu ya msiba kijijini. Mkufunzi wa kunikagua alikuwa ameuhudhuria huo msiba.

Kutoka Matumbi
Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi ni mtu wa Mwanza, somo langu Historia, chuo kikuu, mazoezi nilifanyia sekondari moja ya kata huko milima ya Matumbi, Kilwa. Kidato cha Tatu. Mada: jinsi Waafrika walivyoupokea ukoloni. Nikafika na notisi zangu za Kiingereza nilizozikariri neno kwa neno, maana nilikuwa naogopa kuliko wanafunzi. Nasoma, wanaandika. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, sababu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kodi, kulimishwa pamba kwa nguvu. Kichwa sikiinui.

Siku ya pili binti mmoja akanyoosha mkono, akaomba aseme kwa Kiswahili. Ukutani pana kibao kikubwa kinachokataza. Nikamruhusu. Akasema: "Mwalimu, hiyo sababu ya tatu ni pale Nandete. Bibi anasema walianza kwa kung'oa miche michache tu ya pamba, ili Mjerumani aone kwamba wamekataa."

Nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba vita vilianzia "kusini mwa Tanganyika". Aisee, nilikuwa nimesimama hapohapo vilipoanzia, na wajukuu wa walioanza wananakili kwangu! Nimetoka Ziwa na daftari lenye habari zao, nawauzia wenyewe.

Nikaweka chaki, nikakaa kwenye dawati la mbele. Nikawaambia nani mwingine ana babu au bibi. Kipindi cha dakika 80 hakikutosha, na waliokuwa hawajafungua mdomo tangu nifike wakawa wanagombea zamu. Ijumaa mhadhiri akaja kunikagua na mimi nikaendelea vilevile. Alinikata alama za lugha ya kufundishia. Nilizikubali, utaratibu ni utaratibu, ingawa mpaka leo nadhani Kiingereza cha namna ile kinawafundisha watoto kukaa kimya. Kwenye tathmini ya mwalimu niliandika: "Darasa limeamka mwalimu alipokaa." Akaipigia mstari kwa kalamu nyekundu, akaweka alama ya kuuliza. Daftari ninalo mpaka leo.

Chaki Nyeupe
@Kutoka Matumbi hapo kwenye kukaa umenigusa. Mimi wiki nne nzima sikujua kwamba nilikuwa nafundishia safu mbili za mbele tu. Kipaza sauti cha darasa lenye watoto 90 ni kutembea.

Binti wa Uwandani
Mimi yangu ilikuwa nje ya darasa. Newala, mwezi wa saba, shule zimefunguliwa baada ya likizo ndefu.

Kwanza maji. Ambao hamjafika, Newala iko juu ya uwanda wa Makonde na maji yako chini bondeni. Nyumba niliyopanga ilikuwa na shimo la kuvunia maji ya mvua hapo uani, limesakafiwa vizuri, lina mfuniko na kufuli. Wiki ya kwanza nilifua shuka mbili na nguo zote za safari. Mama mwenye nyumba hakusema kitu. Jioni nikamsikia akiuliza mtoto wake, kwa sauti ya kunifikia mimi, "Hivi kwao huyu mwalimu wanakaa mtoni?" Toka hapo nikajifunza kuoga kwa kopo tatu, na mpaka leo mume wangu ananicheka.

Sasa darasani. Msichana wangu mmoja wa darasa la sita, kiranja, hajaripoti. Wenzake wakiulizwa wanachekacheka na kuangalia chini. Mwisho mmoja akasema, "Katoka unyagoni, mwalimu." Kichwani kwangu ikawa moto. Mimi nimekulia Moshi, unyago nilikuwa naujua kwa yale tuliyofundishwa chuoni tu, kwenye orodha ya vikwazo vya elimu. Nikaandaa hotuba. Mwalimu mlezi akaniambia, "Nenda, lakini ukifika kaa chini kwanza."

Nikawakuta bibi na wanawake watatu uani, wamekaa mkekani. Nikasalimia, nikakaribishwa, nikakaa. Nikaletewa sahani ya ming'oko ya kuchemsha. Kwa wageni wa kusini, hii ni mizizi ya porini, ndefu na nyembamba, unamenya kwa vidole huku ngozi inatoka kama soksi. Namenya, naipanga hotuba yangu. Bibi akaniuliza: "Mwalimu, somo yako nani?"

Nikamjibu: "Hisabati na Sayansi, bibi."

Mkeka mzima ulianguka kwa kicheko. Mmoja alilazimika kusimama. Bibi akafuta machozi, akanieleza kwa upole kwamba anauliza ni mwanamke gani aliyenishika mkono nilipovunja ungo, akanielekeza ya utu uzima, ambaye mpaka leo nikiwa na jambo ninamkimbilia. Nikatafakari. Sikuwa naye. Kule kwetu niliambiwa na rafiki yangu wa bweni, tena nusu uongo.

Hotuba sikuitoa. Nilimuuliza tu bibi binti atarudi lini. Akasema alikuwa anaona aibu kwa sababu wavulana wanamtania, na yeye bibi hakujua shuleni amwambie nani. Kumbe hilo ndilo lililokuwa linamkalisha! Tukakubaliana aje Jumatatu, nimpokee mimi getini. Akaja. Wale wavulana nilishughulika nao kivyangu.

Msinielewe vibaya, yapo ya unyago ambayo nayapinga mpaka leo, hasa pale mtoto anapokosa vipindi au kuachishwa shule. Lakini niliacha kumpinga mtu ambaye sijala kwake. Kwenye maoni siku ile niliandika: "Mwalimu hana somo." Mwalimu mlezi ni mwenyeji, aliposoma alielewa mara moja, akacheka mpaka walimu wengine ofisini wakageuka.

Ubao Mweusi
"Hisabati na Sayansi, bibi." Nimekufa.

Fundi Simu Mtwara
Ngoja nilete upande wa pili, maana naona kila mtu BTP ilimkuza. Mimi BTP ilinikondesha. Hela ya kujikimu ilichelewa, tulilala watu watatu kwenye stoo ya shule yenye magunia ya mahindi na panya wake, mihogo asubuhi, mihogo jioni. Nikaingia darasani nina njaa, nikakosea kukokotoa eneo la pembetatu, nikasahau kugawa kwa mbili. Mkufunzi wangu alikuwa nyuma. Akasimama katikati ya kipindi, akaja mbele, akachukua chaki mkononi mwangu, akafuta, akaandika yeye. Watoto kimya. Kesho yake walinisalimia kwa sauti ya kusalimia mgonjwa.

Wala sikuwa mwalimu baadaye. Nilimaliza, nikakaa mtaani, sasa natengeneza simu hapa mjini Mtwara na nina vijana wawili najifunza nao kazi. Ila kuna kitu kimoja. Kijana akikosea kuchomea waya mbele ya mteja, chombo sikichukui mkononi mwake. Nasubiri mteja aondoke. Hiyo sikuisoma popote, niliipata siku ile ya pembetatu.

Mlezi wa Masasi
Nimesoma yote. Mimi ni mwalimu wa miaka 19 kazini, wanachuo nimepokea wengi kiasi kwamba majina nayachanganya.

Mnachosema ni kweli na sisi tunakiona. Mwaka juzi nililetewa andalio lina waliohudhuria: wav 30, was 32, jml 62. Darasa langu lina watoto 91. Nikamuuliza binti hawa 62 wako wapi. Akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ni wa shule ya dada yangu." Nikamsamehe kwa sababu alisema. Akaenda akahesabu mwenyewe, akarudi kuniambia wawili hawana pa kukaa, wanasimama ukutani. Mimi mwenye darasa nilikuwa nimeshazoea kuwaona wamesimama.

Lakini tusiwaonee wanachuo peke yao. Wapo wenzetu ambao mwanachuo akishuka tu kwenye gari wanambebesha vipindi vyote 30 na zamu juu yake, wenyewe wako shambani, msimu wa ufuta au wa korosho. Huyo mtoto wa watu ataandika tathmini ya kweli saa ngapi, na nani ataisoma? Yule mama wa Tandahimba alifanya kitu kimoja: alikaa nyuma.

Mkuu, mdogo wako akifika amwombe mlezi wake hivyo. Mlezi akikataa mara ya kwanza, amwombe tena.

Chaki Nyeupe
Mwalimu shikamoo. Na wale wawili wa ukutani walipata dawati?

Mlezi wa Masasi
Marahaba. Walipata benchi. Yule binti alimfuata mwenyekiti wa kijiji na seremala bila kuniambia.

Mwenye uzi
Asanteni sana wadau. Nimemtumia mdogo wangu uzi wote, nikamwambia asome mpaka chini kisha anipigie tuongee kwa kina.

Amejibu sasa hivi: "Kaka nimesoma. Neti ninunue ya duara au ya pembe nne?"