Tupeane uzoefu: masaa ya kwenye tiketi na masaa ya ukweli ukitokea KIA

Wakuu salama? Mdogo wangu anaondoka KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) mwezi ujao kwenda Washington kupitia Addis, ndo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Sasa mama huko Machame kaiona tiketi, Addis anatoka saa nne usiku, kule anafika saa mbili asubuhi, akasema kumbe kama basi la Dar tu, unalala unaamka ushafika. Waliowahi kwenda, huwa ni masaa mangapi hasa?

CHALII WA SAKINA
Mwambie mama hiyo saa mbili ni ya kule. Kiangazi chao wako nyuma yetu masaa 7, kwenye baridi 8, kwa hiyo huo "usiku mmoja" ni kama masaa 17. Mi nilipita hiyo njia 2017 tukatua Dublin kujaza mafuta, hamna kushuka, unakaa hapohapo kwenye siti wanapita kufanya usafi unawainulia miguu. Nikajua ndege imekufa. Jirani yangu Mhabeshi akanicheka, eti Addis iko juu sana, mita 2,300 na kitu, hewa nyepesi, ndege ikijaza mafuta ya kufika Marekani moja kwa moja inakuwa nzito kupaa. Kurudi sasa, kama kilomita 11,500 bila kutua popote, masaa 13 hivi, maana na upepo wa huko juu unatoka magharibi unawasukuma.

DADA WA SOWETO MOSHI
Mimi kilichoniponza sio kilomita, ni saa. Tiketi imeandikwa 03:10 tarehe 14, nikaisoma saa tatu asubuhi jamani. Saa kumi na mbili nishavaa, shemeji kaleta noah, watoto nyuma wameshika maua, tunafika KIA mlinzi anaangalia karatasi anasema dada hii si ilishaondoka saa tisa usiku. Nikakalia begi langu palepale. Hela niliyolipia kubadilisha tiketi mume wangu mpaka leo hajaijua (na humu hayupo). Huyo mdogo wako mwandikie kwa kalamu kabisa, saa ngapi, usiku wa kuamkia tarehe ngapi.

MANGI WA KIBOSHO
Mimi nilifuata bei nikaondokea Nairobi. Arusha Nairobi ni kama kilomita 270, pamoja na foleni ya kugonga mhuri mpakani Namanga safari ikala masaa sita na ushee, halafu Nairobi Doha zaidi ya kilomita 3,300 masaa matano tu!! Unafika ushachoka kabla hata hujapanda ndege. Bora alivyokata ya KIA.

MTOA MADA
Asanteni sana, dada pole. Nimemsomea mama, kusikia 17 kanyamaza kidogo, saa hizi yuko jikoni anakaanga karanga za njiani.