Masaa kibao uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) nikisubiri ndege ya Zanzibar: nikae uwanjani, Boma Ng'ombe, Moshi au Chemka?

Nyanza_Kwetu
Wakuu, habari za humu. Wiki ijayo natoka Mwanza kwenda Zanzibar, ndege inanishusha KIA halafu nasubiri nyingine. Kilimanjaro nimewahi kuipita na basi tu, tena nimelala. Sitaki kukaa uwanjani kuhesabu vigae. Jamaa mmoja kasema Chemka, zile chemchemi za maji moto za kuogelea, ni hapo karibu, mwingine ananisukuma Moshi mjini. Kesho nataka kumpanga dereva. Wenyeji nisaidieni.

Dereva_Mstaafu
Masaa kibao ni mangapi? Unatua saa ngapi, unaruka saa ngapi? Tiketi ni moja au mbili tofauti? Begi unalichukua au linapitiliza? Mko wangapi? Mleta mada umetuletea kichwa cha habari tu.

MzeeWaKibosho
Moshi. Hakuna mjadala. Ukifika KIA usifike Moshi umekwenda kisimani ukarudi na kiu. Ni kama kilomita 40, lami tupu. Shuka mjini, tembea mpaka jengo la KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, unywe kahawa ya mlimani. Huo ushirika ni wa mwaka 1933, babu yangu alipeleka kahawa yake hapo. Ukimaliza, kaangalie stesheni ya reli.

BintiSanya
Mzee, mtu anasubiri ndege wewe unampeleka stesheni 😂
Boma Ng'ombe inatosha kabisa. Mkishatoka uwanjani mkaishika barabara kuu, mnakunja kulia kama mnakwenda Moshi, muda si mrefu mko Boma. Mbuzi choma, ndizi, soda baridi, mnarudi. Ila sikiliza siri ya mji: nyama ukiagiza ukiwa umeshakaa mezani utasubiri saa nzima. Mpe dereva aagize kwa simu mkiwa bado mnangoja mabegi.

Nyanza_Kwetu
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Natua saa nne asubuhi, naruka saa kumi jioni. Tiketi ni mbili, nilinunua kila moja kivyake, ilikuwa nafuu. Begi nalichukua.

Dereva_Mstaafu
Nafuu! Haya. Masaa sita si masaa sita. Mpaka ushuke na kupata begi, nusu saa imekwenda. Tiketi mbili maana yake ukichelewa hakuna wa kukusubiri wala wa kukuhamishia ndege nyingine, kwa hiyo saa nane uwe umerudi. Umebaki na masaa matatu na ushee. Moshi kwenda na kurudi ondoa karibu masaa mawili, kwa sababu vijijini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wana tochi za kupima mwendo. Dereva akikimbia anapigwa, mnasimama kuandikiwa faini ya 30,000, na hapo unaangalia saa mpaka macho yanauma.

Hodi_Hodi
Kuhusu Chemka, ngoja nikusimulie, maana mimi niliuza shamba nikanunua somo.
Mwaka juzi nilikuwa na masaa kama yako, tiketi mbili kama zako. Nikachukua teksi, begi kwenye buti. Kutoka Boma unaingia barabara ya vumbi. Kufika tulifika, na sitadanganya, ni pazuri: maji unaona mpaka chini, mizizi ya miti imeingia ndani, kuna kamba ya kubembea, samaki wadogo wanakutekenya miguu. Niliogelea mpaka nikasahau nina safari.
Kurudi, pancha. Dereva akatoa tairi ya akiba, nayo imelala kuliko ile iliyotoboka. Akasimamisha bodaboda, akapanda na tairi moja begani, akaniambia "dakika kumi bosi". Nikabaki mimi, gari, na kijana mmoja wa mbuzi aliyekuwa akinitazama bila kusema neno. Nilikuwa na suruali mbichi, vumbi likanishika mpaka nikawa kama mtu aliyepakwa udongo wa ukutani. Dakika kumi zikawa saa na robo. Mwishowe nikapanda bodaboda nyingine, begi mapajani, mpaka uwanjani. Ndege naiona kwa macho yangu, imesimama palepale, lakini kaunta imefungwa. Dada wa pale akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, akauliza, "Kaka, ulikuwa unachimba kisima?"
Tiketi nilinunua upya. Bei yake siitaji humu, mke wangu naye yumo.

BintiSanya
"Ulikuwa unachimba kisima" 😂😂 nimemwaga chai.

Chuga_Damu
Hayo maji yenyewe mnaita ya moto, mbona ni ya uvuguvugu tu? Na kwa nini wote mnampeleka upande wa Moshi? Aende Usa River, kuna bustani, kuna kivuli. KIA ni uwanja wa Arusha.

MzeeWaKibosho
Kijana, KIA iko wilaya ya Hai, na Hai ni Kilimanjaro. Tangu ulipofunguliwa 1971 hatujawahi kuwaazima. Hata herufi zake ni JRO, zimetoka kwenye jina la mlima. Meru wana herufi gani hapo?

Chuga_Damu
Watalii wakitua wanakwenda wapi mzee? Arusha. Tuishie hapo.

Dereva_Mstaafu
Jamani, mtu ana ndege. Nyanza, bado hujasema mko wangapi.

Nyanza_Kwetu
Wawili. Mimi na mama yangu mzazi, ana miaka 70 na goti linamsumbua. Yeye anachotaka ni kuuona mlima tu, basi.

Shangazi_wa_Hai
Na jambo hilo unalisema leo! Mwanangu, Chemka ifute. Ila na mlima saa nne usimwahidi mama. Unajifunua alfajiri na jioni, mchana unajifunika mawingu kama bi harusi. Mpeleke Boma akae kwenye kiti chenye mgongo, umwagizie mtori, goti lipumzike.

MzeeWaKibosho
Mtori wa Boma? Mtori ni Kibosho.

Shangazi_wa_Hai
Shemeji, mtori ni ndizi na nyama na mkono wa mpishi. Kibosho mnaweka maziwa mpaka unakuwa uji.

MzeeWaKibosho
Nani kakudanganya kuwa tunaweka maziwa?

Hodi_Hodi
Mama akae dirishani upande wa kushoto, ndege zote mbili. Ukiwa juu ya mawingu Kibo, kilele cha mlima, unaiona hata chini kukiwa na giza.

Chuga_Damu
Inategemea rubani anazungukia wapi. Mimi nilikaa kushoto nikaona bawa.

Nyanza_Kwetu
Mama nimemsomea yote. Kacheka ile ya kisima, halafu kauliza huo mtori unawekwa maziwa au hauwekwi, maana maziwa yanamvuruga tumbo.