Nataka kupangisha nyumba ninayoishi, mpangaji hataki mkataba. Naombeni ushauri

Mhamaji
Wakuu, habari za wakati huu.

Nimehamishwa kikazi, si chini ya miaka 2. Nyumba ninayoiacha nimeijenga kwa mkopo wa benki ambao bado naulipa, na sijawahi kuwa baba mwenye nyumba hata siku moja. Kabla sijatangaza, amejitokeza shemeji wa rafiki yangu. Ana mke na watoto 2, anaonekana mstaarabu, na yuko tayari kulipa miezi 6 kwa mkupuo. Sharti lake ni moja tu, tusiandikishane. Anasema sisi ni ndugu, karatasi ni za watu wasioaminiana.

Mpango wangu: chumba kimoja cha nyuma nikitie kufuli, niweke makochi, vyombo na makabrasha yangu, yeye atumie vilivyobaki. Nimeshamwambia asinisumbue kwa vitu vidogo vidogo, anipigie kwa makubwa tu. Kodi nimeipanga ilingane na rejesho la benki, ikitoka kwake iende huko moja kwa moja, mimi nisiiguse.

Mke wangu anasema najitafutia presha. Naomba uzoefu, hasa wa mlioumia.

Kitasa
Mkuu, anayelipa miezi 6 na hataki kuandika, mimi ningemwogopa kuliko anayeomba kulipa mwezi mmoja mmoja. Sisemi ni tapeli.

Niliwahi kumpa nyumba kijana niliyemwona akikua. Mwaka haujaisha nasikia chumba kimoja anakaa mtu nisiyemjua, na kodi anamlipa yule kijana wangu! Nilipomuuliza akanijibu, tena kwa adabu zote, "Lakini mzee hukusema hairuhusiwi." Na kweli sikusema.

Andikeni nani anakaa humo, kodi inalipwa lini, amana ni kiasi gani na inarudi kwa masharti gani, notisi ni ya muda gani kwa kila upande, na kama anaweza kumpangisha mtu mwingine. Usidhani bila karatasi hakuna mkataba. Sehemu nyingi ukishapokea kodi na yeye kashika funguo, sheria inamhesabu ni mpangaji. Ila likija suala la masharti, kila mtu atasema lake.

Fundi Koki
Mimi nimeishia hapo kwenye "asinisumbue kwa vitu vidogo". Futa hiyo kauli leo hii.

Niliitwa kwenye nyumba moja, nikakuta mpangaji kaweka bakuli chini ya sinki la jikoni. Asubuhi anamwaga, jioni anamwaga. Hiyo ni miezi. Ubao wa chini wa kabati umevimba, ukiuminya kidole kinazama, na vigae vya pembeni vimeanza kuinuka. Kilichokufa ni washa ya mpira, kile kipete cha kuzuia maji yasivuje, kazi ya dakika 10. Nikamuuliza mbona hukumwambia mwenye nyumba? Akasema, "Alinikataza kumpigia kwa mambo madogo." Unaona? Alitii.

Piga hesabu. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, na ukikadiria matone 4,000 kwa lita, ni zaidi ya lita 20. Ndani ya ukuta huwezi hata kuweka bakuli.

Paa, mabomba, nyaya na mfumo wa maji taka ni vyako. Balbu na sinki lililozibwa na nywele ni vyake. Katikati hapo ndipo watu hugombana, kwa hiyo vitajeni kwa majina mkiwa bado mnacheka. Na fundi mchague wewe. Fundi aliyeokotwa kwa haraka ndiye hupasua ukuta mzima akitafuta bomba lilipo.

Bi Funguo
Mnazungumzia kabati, mimi nazungumzia roho za watu.

Hita ya maji bafuni ikipitisha umeme na waya wa ardhi haufanyi kazi, anayeoga ndiye anageuka waya. Weka swichi ya kinga, ile inayokata umeme wenyewe unapovuja. Ya kulinda mtu huwa ya miliampea 30. Kama hita ni ya gesi, ipate njia ya kutolea moshi na hewa ya kutosha, maana kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, mtu hulala moja kwa moja. Mpangaji akiumia kwa hitilafu uliyoijua, au uliyotakiwa kuijua, usitegemee kusema ulikuwa mbali.

Halafu hicho chumba cha nyuma. Mlango wa pili unapitia humo? Moto ukiwaka mbele na madirisha yote yana nondo, wale watoto 2 watatokea wapi?

Wajulishe pia benki na watu wa bima kwamba unapangisha. Bima iliyokatwa kwa nyumba ya kuishi mwenyewe inaweza kukataa kulipa wakikuta anakaa mwingine. Na makochi yako yakiibiwa humo, utamdai nani?

Chuma Mkavu
Mnamtisha bure. Mimi wangu akichelewa siku 5 nakata umeme, siku ya 6 natia kufuli juu ya kufuli lake. Miaka yote sijasumbuliwa.

Karani Mstaafu
Chuma, bado hujakutana na anayejua haki yake. Nchi nyingi kumfungia mpangaji nje, kumkatia maji au kumtolea vyombo bila amri ya mahakama ni kosa, hata kama unamdai kweli.

Nimekaa ofisi ya wakili. Alikuja mzee anadai kodi ya miezi kadhaa, na madai yake yalikuwa ya haki. Tatizo alishavunja mlango na kutoa vitu mwenyewe, bila shahidi wala orodha. Mpangaji akadai kulikuwa na begi lenye pesa. Lilikuwepo? Mungu ndiye ajuaye. Mzee aliingia mdai, akatoka mdaiwa.

Mtoa mada, akishindwa kulipa, mwandikie, tunza nakala, fuata ngazi za sheria. Inachosha, najua.

Mpangaji Mkongwe
Niseme kwa upande wetu. Miaka 14 nimepanga nyumba za watu. Chumba cha kufuli ndicho kilinihamisha nyumba moja. Mwenye nyumba alikuwa haji kutukagua, hapana, anakuja "kuchukua kitu chumbani kwangu". Jumapili asubuhi, hodi anapiga akiwa ameshafika sebuleni. Mke wangu akawa analala na kanga kiunoni kama msafiri.

Ukishapokea kodi, toa taarifa kabla ya kuja, isipokuwa kuna dharura.

Na siku ya kukabidhiana tembeeni pamoja, mpige picha kuta, vitasa na namba za mita. Amana yangu moja ililiwa kwa ufa nilioukuta. Rangi kupauka ni uchakavu wa kawaida, mlango uliotobolewa ni uharibifu. Msichanganye.

Hesabu za Usiku
Kodi ilingane na rejesho? Nyumba ikikaa tupu miezi 2 kati ya 12, umepoteza moja ya sita ya kodi ya mwaka, na benki haikusubiri. Hapo sijagusa kodi ya mapato, bima wala rangi. Ile ya miezi 6 usiilipie mkopo yote. Pampu ikifa mwezi wa 4, hela ya fundi itatoka wapi?

Mhamaji
Wakuu, nimesoma yote. Jana niliita fundi umeme, nikimwona Bi Funguo anakuza mambo. Waya wa ardhi umefika kila soketi, ila nje, pale unapotakiwa kuzama ardhini, umekatika. Anahisi ulikatwa wakati wa kuchimba msingi wa uzio. Nimeoga humo miaka 3.

Chumba nakitoa. Mlango wa nyuma unapitia humo kweli. Makochi nauza.

Mpangaji nilimpigia kuhusu mkataba, akakaa kimya, mwisho akaniuliza, "Kuna kifungu cha kunilinda na mimi?" Kumbe alikotoka alisaini kurasa ambazo hakupewa nakala, akapewa siku 3 za kuhama. Nimemtumia rasimu aisome na mkewe.

Swali la mwisho, amana naiweka wapi?

Kitasa
Angalia kwanza sheria ya kwenu inasemaje. Kama iko kimya, akaunti ya peke yake. Hiyo bado ni hela yake.

Fundi Koki
Na chini ya sinki umechungulia?

Mhamaji
Nimechungulia mkuu. Pakavu.