Mapambo ya kadi 60 za shukrani: vitenge, maganda ya mgomba au karatasi?

Binti wa Gungu (Kigoma):
Habari zenu wanajukwaa. Nina kadi 60 za kuwashukuru waliotuchangia katika harusi ya mdogo wangu, nami nimeamua kuzipamba kwa mkono. Ninasita kati ya maua ya mabaki ya vitenge, ambayo jirani yangu fundi cherehani hunipa bure, maganda makavu ya mgomba, na vipande vya karatasi vinavyoviringishwa kuwa petali. Ninyi mngechagua kipi?

Mwalimu wa Kanyenye (Tabora):
Dada, umeuliza bei ya ng'ombe bila kusema kama unamtaka wa maziwa au wa kuchinja. Kadi zina ukubwa gani, zinahitajika lini, na je, utazikabidhi mkononi au utazitia katika bahasha? Ua la karatasi lililoinuka linapendeza mezani, lakini ndani ya bahasha hubonyea likawa chapati.

Shangazi wa Kasulu:
Mimi sina haja ya kungoja majibu hayo. Chukua maganda ya nje ya shina la mgomba, yale yaliyojikaukia yenyewe, uyafute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha uyalaze chini ya vitabu vizito. Ganda moja hukupa rangi kuanzia maziwa hadi kahawia iliyoiva, kwa hiyo huhitaji kununua rangi yoyote.

Fundi Karatasi (Ujiji):
Shangazi, kwa heshima zote, maganda hayo yaliwahi kuniaibisha. Mwaka juzi, mwezi wa Desemba, nilipewa kazi ya kadi 25 za kipaimara, nikabandua maganda niliyoyaona makavu kwa macho, nikayabandika kwa uji wa unga wa ngano ili nisinunue gundi, kisha nikazifunga kadi zote katika mfuko wa plastiki zisipate mvua. Siku ya tisa nilipoufungua mfuko, harufu ilikuwa ya pombe iliyochacha, ukungu ulikuwa umetanda juu ya misalaba yote, na mende walikuwa wametafuna pembe za kadi wakifuata ule uji. Nilirudisha fedha za watu, na mama mmoja hanisalimii hadi leo.

Shangazi wa Kasulu:
Pole mwanangu, lakini mgomba unausingizia. Kosa ni mfuko na uji. Ungetumia gundi nyeupe ya mbao na kuyaanika maganda kivulini kwa siku kadhaa, yasingekuharibikia.

Mwalimu wa Kanyenye (Tabora):
Huku kwetu nta ya nyuki haikosekani, nami huyasugua maganda kwa nta kidogo ili yasinywe unyevu.

Fundi Karatasi (Ujiji):
Nta kabla ya gundi au baada yake? Gundi ya maji haishiki juu ya nta, na nta ikipata joto huacha doa la mafuta kwenye karatasi.

Mwalimu wa Kanyenye (Tabora):
Baada yake, na upande wa juu tu. Sikudhani kwamba hilo lingehitaji maelezo.

Binti wa Gungu (Kigoma):
Samahani, nilisahau mengi. Kadi ni A6, manila yake ni nyembamba, siku zimebaki 12, na karibu nusu zitakwenda Kibondo kwa basi zikiwa ndani ya bahasha.

Fundi Karatasi (Ujiji):
Basi karatasi za kuviringisha ziache. Ua moja lenye petali sita na kitovu ni mizunguko saba, yaani 420 kwa kadi zako zote, na kila mmoja unauviringisha kwa kijiti cha meno. Tumia vitenge, lakini upake gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji nyuma ya kitambaa, kikauke kabisa ndipo ukate, la sivyo nyuzi zitafumuka.

Shangazi wa Kasulu:
Kitenge kipya kifuliwe kwanza kitoke wanga. Manila nyembamba nayo itajikunja kwa gundi hiyo. Ganda la mgomba ni jepesi zaidi.

Binti wa Gungu (Kigoma):
Nimejaribu kitenge leo na kweli kadi imejikunja. Je, nikiiweka chini ya vitabu itanyooka, au ninunue manila nyingine?

Mwalimu wa Kanyenye (Tabora):
Uliipaka gundi eneo zima au ukingoni tu?