Melanoma ya unyayo: alama gani ya tishu inaonyesha kama itasambaa?

Mikrotomu_Arua
Habari wakubwa. Tuna bloku (tishu iliyofungwa ndani ya nta ya parafini) ya melanoma ya unyayo, saratani ya seli za rangi ya ngozi. Unene wa Breslow (kina cha uvimbe ndani ya ngozi) umeandikwa 1.6 mm, hakuna kidonda juu. Daktari wa upasuaji anataka alama za tishu zitakazoonyesha kama itasambaa, ndipo aamue kuhusu tezi za limfu za kinena. Tuna alama za S100 na Ki-67 (hii ya seli zinazogawanyika), na PRAME inaweza kuagizwa. Zinatosha? Tena melanini (rangi asilia ya ngozi) ni nyingi mno, rangi ya kahawia ya DAB inayoonyesha alama inapotelea humo.

Hadubini_Mbarara
S100 itoe kwenye hesabu hiyo. Hiyo, kama alama nyingine ya SOX10, inakusaidia kujua kama seli ni za ukoo wa melanosaiti (seli za rangi), basi. PRAME inasaidia kutenganisha melanoma na baka lisilo na madhara. Kazi yake si kutabiri. Ki-67 hupanda uvimbe ukiwa mkali, lakini asilimia ya mpaka haijakubalika na haimo kwenye AJCC toleo la 8, mwongozo wa kupanga hatua za saratani.

Kinachotabiri kwa nguvu bado ni unene na kidonda. 1.6 mm bila kidonda ni daraja la T2a kwenye mwongozo huo, na ukishapita 1.0 mm, kupima tezi ya kwanza inayopokea limfu kutoka kwenye uvimbe kunapaswa kuzungumzwa na mgonjwa, hata Ki-67 iwe chini.

Ila hiyo 1.6 ilipimwa kuanzia wapi? Unyayo una keratini nene (tabaka gumu la juu). Unaanza juu ya safu ya granulosa (safu ya seli iliyo chini ya keratini), si juu ya keratini, unashuka mpaka seli ya uvimbe iliyo chini kabisa. Bloku ikikatwa mshazari, unene unaongezeka bure. Na kama ilichukuliwa biopsi ya kipande tu, ripoti iseme "angalau 1.6 mm".

Fundi_wa_Slaidi
Kuhusu melanini: acha DAB, tumia kromojeni (rangi ya kuonyesha alama) nyekundu. Ukichagua AEC, mojawapo ya hizo nyekundu, usipitishe slaidi kwenye alkoholi wala zailini baada ya rangi, maana inayeyuka; funika kwa gundi ya maji. Kama una DAB pekee, rangi ya nyuma iwe Giemsa badala ya hematoksilini: melanini inageuka kijani-buluu, DAB inabaki kahawia. Ki-67 nayo ipakwe pamoja na Melan-A (alama ya melanosaiti), la sivyo utahesabu limfosaiti zinazogawanyika na kusema ni uvimbe.

Halafu angalia formalini yenyewe, dawa ya kuhifadhi tishu. Isiyo na bufa (chumvi za kuzuia asidi) huacha chembe za kahawia-nyeusi zinazofanana sana na melanini. Lita moja: formalini ya dukani 100 ml, maji yaliyokenekwa (distilled) 900 ml, sodiamu dihidrojeni fosfeti (yenye molekuli moja ya maji) 4 g, disodiamu hidrojeni fosfeti kavu 6.5 g. Ujazo uwe mara 10 ya tishu au zaidi, saa 24 hadi 48. Chupa iliyojazwa nyama hadi shingoni ikasafirishwa kwa basi mpaka Kampala hufika imeoza katikati, na hapo Ki-67 inatoka chini kwa uongo.

Epidermisi
Iko pia jozi ya protini, AMBRA1 na lorikrini, kazi iliyoanzia Newcastle, Uingereza. Hapo husomi uvimbe, unasoma epidermisi (tabaka la juu la ngozi) iliyo juu yake. Uvimbe hutoa protini ya ishara TGF-beta 2, AMBRA1 na lorikrini zinapungua, ngozi ya juu inadhoofika. Zote mbili zikipotea, hatari ya kusambaa ni kubwa zaidi. Zikibaki, ni ndogo. Kidonda kikiwepo hakuna cha kusoma. Lakini sehemu kubwa ya ushahidi ni wa watu weupe, na melanoma ya unyayo ni ugonjwa wa namna yake. Singeitumia kumnyima mgonjwa huyu kipimo cha tezi.

Mikrotomu_Arua
Asante musawo (daktari). Nimeangalia tena: mkato ni mshazari kweli.

Hadubini_Mbarara
Basi yeyusha parafini, geuza tishu isimame wima, upange upya. Unaposawazisha uso wa bloku usikate sana. Kata mikroni 4. Keratini ikipasuka, weka bloku juu ya barafu yenye maji dakika chache. Tishu inayobaki mtunzie mgonjwa: melanoma ya unyayo huwa na mabadiliko ya jeni ya BRAF mara chache kuliko ile ya ngozi ya jua, na ya jeni ya KIT mara nyingi zaidi. Ikisambaa, daktari wa saratani ataomba vipimo hivyo kutoka bloku hiihii.

Fundi_wa_Slaidi
Na slaidi za akiba zisikae miezi dirishani. Antijeni (protini inayotafutwa na rangi) hufifia, bora ibaki bloku, ukate siku ya kupaka.